Kilo Zilizokwenda Hewani

Mwanangu Saada,

Mama yako ameshafunga mizigo yako mara tatu na kuifungua mara tatu, na nusu ya begi lako sasa ni dagaa na chupa za mawese. Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango na kutoazimisha nguo ameyasema yeye tangu Jumapili, mimi sina la kuongeza. Yangu ni mengine. Nimejaribu kuyasema leo tulipokuwa tunakunywa chai, ukaona nakohoa tu, ukanisogezea maji. Ndiyo maana naandika. Soma barua hii ukiwa kwenye treni, kabla hujafika Uvinza. Uvinza ndiko alikozikwa baba yako mdogo, Butoyi, na ukipita pale nataka uwe unajua kwamba aliondoka kwetu kwa sababu yangu, na kwamba hakuwa na kosa.

Unajua tulikuwa pacha. Mimi nilitangulia nikaitwa Bukuru, yeye akafuata akaitwa Butoyi, kama pacha wote wa Waha wanavyoitwa. Usilolijua ni kwamba lile tanuru la chokaa lilikuwa letu sote wawili. Wewe umepata akili ukalikuta langu, ukadhani lilikuwa langu tangu mwanzo, na mimi nikakuacha udhani hivyo.

Kazi tulifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa akichoma chokaa ufukweni, mbele ya Kibirizi, pale mlima unaposhuka hadi majini. Mawe ya pale unayafahamu kuliko mimi sasa. Ukiyavunja unakuta makombe ya konokono yameshikamana ndani, na mengine yana tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Tulikuwa tunayapanga kwenye tanuru, tunajaza kuni chini, tunawasha, tunalisha moto siku tatu bila kupumzika. Siku ya nne tanuru likipoa tunatoa mawe. Yanatoka na umbo lile lile, ila meupe. Ukiyamwagia maji yanachemka yenyewe, yanapasuka, yanakuwa unga. Zamani kila kitu tulipima kwa debe. Debe moja la mawe yaliyoungua, ukishalimwagia maji, linakupa madebe mawili ya unga na zaidi. Kwa hiyo hakuna mchoma chokaa aliyewahi kulalamika kwamba kuna kitu kimepungua.

Mizani niliileta mimi. Ilikuwa mizani ya kuning'iniza, ya wauza samaki aina ya migebuka, nikaifunga kwenye mti karibu na tanuru. Hakuna aliyeniomba niilete. Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, nimeoa, mama yako ana mimba yako, na nilitaka watu waseme Bukuru anafanya kazi kisasa. Nikapima mawe yote yaliyoingia kwenye tanuru, kiroba kwa kiroba, nikaandika kwenye daftari. Siku ya nne nikapima mawe yaliyotoka, kabla hayajaguswa na maji. Karibu nusu ya uzito haikuwepo.

Nikapima tena. Nikaangalia mizani kama imeharibika, nikajipima hata mwenyewe kwa kuning'inia, watoto wa wavuvi wakanicheka. Mizani ilikuwa nzima.

Kwa siku zile tatu aliyekuwa analala tanuruni ni Butoyi. Mimi nilikuwa nakuja mchana. Nikamuuliza mawe mengine yako wapi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa moshi uko wapi. Akasema, "Bukuru, jiwe linapumua. Likipata moto linatoa pumzi yake, halafu linabaki jepesi. Hata mzee alituambia, hukumbuki?"

Sikukumbuka. Au nilikumbuka nikaona ni maneno ya wazee. Nikamwuliza mbele ya vibarua, "Jiwe lina mapafu?" Wakacheka wote. Yeye hakucheka, na mimi nilivifurahia vile vicheko kuliko nilivyojali uso wake. Ukuni unaungua unaisha, hilo naliona kwa macho. Jiwe ni jiwe. Ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri hivyo kwa kiburi cha mtu mwenye mizani.

Moto wa pili ikawa vile vile. Wa tatu vile vile. Ningekuwa na akili ningejiuliza ni mwizi gani huyu anayeiba kiasi kile kile kila mara, hazidishi wala hapunguzi. Sikujiuliza. Nilishapata mtu, na ukishapata mtu huachi kumtazama ukatafuta kitu kingine. Ningeweza kulala tanuruni mwenyewe mara moja tu, nikachoma mwenyewe, nikapima mwenyewe. Hilo nalo sikulifanya. Nadhani niliogopa nisimkute mwizi.

Nilichofanya ni kwenda msikitini. Baada ya swala ya Ijumaa nikasimama mbele ya watu, nikatangaza kwamba kuna mali imechukuliwa kwenye tanuru langu, na aliyechukua nampa siku saba arudishe, asiporudisha nitasoma Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi. Sikutaja jina. Haikuhitaji jina, kila mtu alijua nani analala tanuruni. Butoyi alikuwa amekaa safu ya tatu. Aliinuka akatoka, akachukua viatu vyake, akaenda zake taratibu.

Siku saba zikapita. Tukasoma. Maalimu aliyetusomea alikuwa amenishauri kwanza niketi na ndugu yangu, nikamwambia nimeshaketi naye vya kutosha. Wewe ulikuwa na miezi miwili. Butoyi na mkewe, mama yako mdogo Zena, walikuwa na binti wao, Ramla, aliyekutangulia kwa miezi michache tu. Mngekuwa rika moja. Siku ya kumi na mbili baada ya kisomo Ramla akaanza kuhara, akahara siku mbili, akafa.

Mji mzima ulijua maana yake. Hakuna aliyeniambia pole kwa kufiwa na mtoto wa ndugu yangu. Walinishika mkono kama mtu aliyeshinda kesi. Na mimi, Saada, niliamini. Nililia kwa ajili ya mtoto, hilo ni kweli, lakini ndani kabisa palikuwa na kitu kimetulia, kwamba kumbe sikukosea. Zena naye aliamini. Alimwambia mumewe kwamba amemuua mtoto wao kwa kuiba mawe, akarudi kwao Rusimbi. Uliwahi kuniuliza kwa nini Mama Mdogo Zena anakusalimia vizuri njiani lakini hakanyagi kwetu. Nilikujibu kwamba ana shughuli nyingi.

Butoyi alikuja kuniaga. Alisimama nje, hakuingia. Nilimwambia kama ana neno aseme, nitamsamehe. Hebu soma tena hapo, nitamsamehe. Akasema tu, "Ego," kama anavyosema Muha anapokubali jambo asilotaka kulijibu, akaenda kituo cha treni na mfuko mmoja. Tukasikia yuko Uvinza, anachemsha chumvi.

Sasa nije kwenye siku yako.

Ulikuwa kidato cha tatu. Ulikuja tanuruni na jiwe moja la kilo moja kamili, umelizungushia waya ili lisichanganyike na mengine, ukaniomba niliweke katikati ya moto. Nilidhani ni mchezo. Siku ya nne ukalitafuta mwenyewe, ukalipima kwenye mizani ile ile, ikasoma nusu kilo na kidogo. Ukaruka ruka. Ukaniambia, "Baba, unaona? Ile nyingine imekwenda hewani. Jiwe lilikuwa limebeba hewa ndani yake."

Nikakuuliza nani amelichukua. Ukacheka, ukadhani nakutania. Ukasema hakuna aliyelichukua, ndivyo jiwe hili lilivyo, hata lichomwe na nani. Kisha ukaendelea kunieleza, na mimi nilikuwa nasikia nusu nusu: kwamba konokono wa zamani walichukua hewa iliyoyeyuka kwenye maji ya ziwa wakajengea makombe yao, makombe yakalala chini yakawa jiwe, na sisi kwa moto wetu tunaifungulia ile hewa irudi juu. Ukasema haipotei, itanyesha na mvua, itaingia ziwani, siku moja itakuwa jiwe tena. Nikakuuliza siku ngapi. Ukasema, "Baba, usihesabu kwa siku."

Niliondoka pale nikaenda nikakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Hukunifuata, ulikuwa unaandika kwenye daftari lako. Tangu siku ile umewaambia watu wengi, na hata kwenye ile barua ya kuomba ufadhili uliandika, kwamba ulichagua kusoma miamba kwa sababu siku hiyo uliona baba yako amenyamaza kwa fahari. Ulinisomea kwa sauti, mama yako akalia. Mwanangu, haikuwa fahari. Natamani ingekuwa fahari. Una haki ya kujua msingi wa kitu ulichojengea maisha yako, na wewe ndiye uliyenifundisha kuchimbua misingi.

Kuna la pili, na hili ulinifundisha bila kujua. Ulirudi likizo moja ukanionyesha mlima ulio juu ya tanuru, upara mtupu, ukaniuliza miti ilikwenda wapi. Nikakuonyesha tanuru. Tuliukata wote, hadi ikabidi tununue kuni Mwandiga. Ukanionyesha kijito kinavyoshuka chekundu mvua ikinyesha, ukaniambia mizizi ndiyo iliyokuwa inashika ule udongo na kuyachuja yale maji, na kwamba udongo ukifika ziwani unafunika miamba samaki wanapotagia. Ulikuwa unasikitikia samaki. Mimi nilikuwa nafikiria kile kijito. Zena na Butoyi walikuwa wanakaa bondeni pale pale, na maji ya kunywa walikuwa wanachota humo. Mvua za mwaka ule aliokufa Ramla zilikuja na kila uchafu wa mlimani, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Watoto wengine wa bonde lile walihara pia. Wawili walikufa, na hao hawakuwa wamesomewa na mtu.

Mambo ya Mungu siyaingilii. Halbadiri ni kisomo kikubwa na mimi si maalimu. Lakini maji yale nayajua yalikotoka, na miti ile naujua mkono ulioikata.

Nilipojua la kwanza, lile la jiwe, Butoyi alikuwa hai. Uvinza si mbali, mtu anakwenda na kurudi. Nilisema nitakwenda baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita nikasema nitakwenda mvua zikikatika. Mara moja nilikata tiketi kabisa, nikaketi ndani ya treni na mfuko wa migebuka mapajani, akaingia jirani yetu mmoja wa Kasingirima akaniuliza safari ya wapi. Nikamwambia nimemsindikiza mgeni, nikashuka. Migebuka tulikula nyumbani, mama yako akashangaa nimeitoa wapi. Kumwambia ndugu yako kwamba ulimkosea si kazi ngumu kama watu wanavyosema. Kazi ni kuvumilia atakavyokuangalia kabla hajajibu, na mimi niliogopa huo muda mdogo hadi ukafika mwaka, ukafika wa pili. Mwaka juzi wakatupigia simu kwamba amefariki.

Uliniuliza kwa nini matanga yote kule Uvinza nilikaa nje ya turubai juani. Sasa umejua. Aliyekuja kukaa nami pale nje ni mzee mmoja aliyefanya kazi na Butoyi. Alinionyesha wanavyochota maji ya chumvi yanayotoka chini ya miamba, wanavyoyachemsha hadi maji yanapaa na chumvi inabaki kwenye sufuria. Akanisimulia marehemu alivyokuwa mchapakazi, mpole, hapendi mzozo. Akasema kazi zote alifanya pale, kuchota, kukoka moto, kubeba, ila kitu kimoja walishindwa naye: mizani hakuigusa. Kila ilipofika kupima alikwenda kukaa pembeni na mikono yake imefungwa nyuma, ili kila mtu aione. Mzee yule alicheka aliponiambia, aliona ni kituko. Nami nikacheka naye, Saada. Sikujua la kufanya na uso wangu.

Kosa la kwanza nililifanya kwa kutojua, na ningeweza kujitetea nalo kidogo. Hili la pili, la kukaa kimya, nililifanya nikiwa najua, kila siku, kwa miaka miwili, huku nikila na kulala. Ukiniuliza lipi zito, wewe ni mtu wa kupima, pima mwenyewe.

Masika ya mwisho ziwa lilipopanda likalichukua tanuru, watu walinionea huruma. Mawe yaliyoungua yalikuwa bado yamo ndani, maji yakayafikia, tanuru likachemka na kupasuka kwa saa nzima, samaki wakaelea weupe ukingoni. Mama yako aliniambia nisikate tamaa, maji yatashuka. Sikumwambia kwamba nilisikia nafuu. Dagaa wamepungua, kijito kimekuwa mtaro, na redioni wanasema hewa inayopaa kutoka kwenye mioto yetu ndiyo inayoipasha dunia joto. Wewe ulinieleza kwamba maji ya juu ya ziwa yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, na chakula kinabaki kule kizani wakati dagaa wana njaa huku juu. Najua tanuru moja la Bukuru halikuharibu ziwa zima. Wachoma chokaa, wakata mkaa, sote tulichukua kidogo kidogo, na kila mtu alikuwa na jirani wa kumlaumu. Siwezi kuandika zaidi kuhusu hilo, unalijua kuliko mimi.

Nasaha sikukusudia kukupa, ila moja imenigharimu sana kuitunza peke yangu. Unakwenda kwenye kazi ya vipimo. Siku utakapokuta kitu kimepungua, uliza kwanza kimekwenda wapi. Jina la mtu lije mwisho, na likija, nenda ukalale wewe mwenyewe tanuruni kabla hujalitamka. Na ukigundua umekosea, nenda siku hiyo hiyo, hata na mikono mitupu.

Leo nimekwenda kwa Zena. Niliona aibu ujue wewe kabla yake. Nilimkuta kwenye jiko la uani kwake Rusimbi anachemsha mawese, nikasimama pale nikamweleza yote: jiwe, mizani, wewe na waya wako, kijito. Hakuacha kukoroga. Nilipomaliza akaniuliza, "Shemeji, hayo umeyajua lini?"

Nikasema ni miaka minne sasa.

"Butoyi alikuwa hai."

Nikasema alikuwa hai.

Akasogeza ukuni motoni, akaendelea kukoroga. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake ilikuwa ile ile. Akasema yeye ndiye aliyemwambia mumewe kwamba amemuua mtoto, maneno hayo ndiyo ya mwisho waliyoambizana, na sasa mimi nimekuja kumwambia hayakuwa kweli wakati hana tena wa kumwambia. Nikapiga magoti. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Inuka," akasema. "Mwizi ulimtangaza msikitini, watu wote wakasikia. Mimi unakuja kuniambia jikoni."

Nikainuka. Nimerudi kwa miguu.

Kwa hiyo Ijumaa hii, baada ya swala, nitasimama pale pale niliposimama siku ile, nitamtaja kwa jina lake na la baba yetu, nitasema hakuiba, nami nilimzulia, na nilijua nikakaa kimya hadi akafa. Imamu nimeshamwomba dakika tano. Mama yako nitamwambia kesho tukitoka kukusindikiza. Wewe utakuwa umeshafika chuoni, na kabla mimi sijavaa viatu vyangu simu yako itakuwa inalia. Watakuambia mambo ya baba yako. Wako watakaokuonea huruma, waseme mzee amechoka, tangu alipopoteza tanuru akili yake haijatulia, na watasema hivyo kwa kukupenda. Ninakujua, moyo wako utataka kushikilia maneno hayo.

Usinitetee, mwanangu. Waambie ni kweli.

Mimi baba yako,
Bukuru